Elmina Nyatichi, Aliyetusomea Namba za Boila

Jumanne tarehe 30 Novemba 1999, saa kumi jioni, Bi. Elmina Nyatichi Okemwa atafunga mlango wa chumba cha vipimo cha Kiwanda cha Chai cha Kapleelbei na kukabidhi ufunguo. Atakuwa amefanya kazi hapa kwa miaka thelathini na mitatu na miezi kumi na moja kasoro siku tatu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "zaidi ya miaka thelathini", naye akanirudishia karatasi akisema hakuna hata moja kati ya siku hizo aliyoifanya kwa kukadiria.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na miwili, yeye upande wa vipimo, mimi upande wa boila. Waliniomba pia niandike kwa uchangamfu, maana hii ni siku ya furaha. Nitajaribu. Lakini kisa kikubwa nilicho nacho juu ya Bi. Elmina ni cha siku niliyoogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na bado sijapata namna ya kukisimulia huku nacheka.

Alizaliwa Nyansiongo mwaka 1944, akaajiriwa hapa tarehe 3 Januari 1966 kuwa mwendeshaji wa simu. Kiwanda kilikuwa na laini mbili tu, na ubao wa simu uliokuwa ukijaa unyevu kila mvua ikinyesha. Wageni wetu wajue kwamba hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mwaka 1971 ubao huo ulinyamaza kabisa, na fundi wa kutoka mjini Kericho akasema angefika baada ya wiki mbili. Bi. Elmina alifungua kifuniko, akamkuta panya amejenga nyumba na kulea watoto ndani. Akawahamisha, kisha akachomelea nyaya zilizotafunwa kwa msumari aliopasha moto kwenye jiko la mkaa. Fundi alipofika alikuta simu inalia. Akanywa chai akarudi zake.

Tangu siku hiyo kila kitu kilichokataa kusema kililetwa kwake. Redio za wafanyakazi, mizani ya majani, saa ya ukutani ya ofisi ya meneja. Mwaka 1979 alihamishiwa rasmi chumba cha vipimo, na mwaka 1986 akawa mkuu wa chumba hicho, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha ufundi Kapleelbei.

Wale mliofanya kazi naye mnajua pia kwamba alikuwa mwoga. Ninaandika neno hilo kwa ruhusa yake. Radi ikipiga mbali huko upande wa Londiani, yeye huku alikuwa ameshachomoa waya. Hakugusa chombo chochote cha umeme bila kuvaa viatu vyake vya mpira vya kijani. Vijana wa zamu walimwita Mama Zima Kwanza, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza kwa kila swali. Hata ukimuuliza kama amekula mchana, walisema, atakwambia uzime kwanza.

Sababu ya woga huo wengi hawakuijua, nami nilikuja kuijua baadaye. Mwaka 1973, akiwa bado kwenye simu, bomba la mvuke lilipasuka na kumchoma fundi mmoja aliyeitwa Adoyo. Bi. Elmina ndiye aliyetafuta gari la wagonjwa. Laini zilikuwa mbovu. Alikaa dakika ishirini akizungusha simu, na muda wote huo alikuwa akimsikia Adoyo nyuma ya ukuta. Adoyo alipona, akarudi kwao, hakufanya tena kazi ya kiwanda. Tangu hapo, Bi. Elmina akisikia mvuke unapiga mluzi mahali ambapo haupaswi, alikuwa anasimama kimya, mkono kifuani, hadi ajue unatoka wapi.

Mwaka 1995 Mhandisi Gekara alitaka kompyuta ya kuangalia joto la mashine za kukausha chai, zile tunazoziita draya. Hawakununua kompyuta iliyo tayari. Waliiunda wenyewe, yeye na Bi. Elmina, juu ya meza ya kuonjea chai, kwa wiki tatu. Kasha lilitoka Nairobi, bodi kuu ilitoka Nakuru, na skrini ilikuwa imeshatumika ofisi nyingine huko Kericho, ina doa la kijani kwenye kona. Ndani waliweka kadi ya kupokea vipimo. Waya kutoka kila draya ulikuja hadi kwenye kadi hiyo, na joto likaonekana kwenye skrini kwa namba. Ilikuwa kadi ya polepole, ilisoma mara moja kila nusu dakika, lakini chai yetu ilianza kutoka sawasawa. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Ogola, aliiita televisheni ya Elmina. Alikuwa mtu mzuri, mpenda mzaha, na alikuwa na haraka siku zote.

Boila haikuwa kwenye televisheni hiyo. Boila ilikuwa na geji yake ya mshale, kubwa kama sahani ya ugali, na valvu ya usalama juu yake, ambayo presha ikizidi pauni mia moja na hamsini inapaswa kufunguka yenyewe na kupiga kelele inayosikika hadi shuleni. Presha ya kazi ni mia moja na ishirini. Mvuke hubadilika haraka, na kadi ya zamani isingeweza kuufuata. Kwa hiyo Mhandisi Gekara aliagiza kadi mpya ya kasi, inayosoma mara elfu nyingi kwa sekunde moja, akafunga kihisi cha presha kwenye boila kupitia bomba dogo la peke yake, mbali na bomba la geji. Kilichobaki ni kuingiza kadi.

Kadi ilifika Jumatatu tarehe 21 Aprili 1997, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha. Mhandisi alikuwa anaondoka kwenda Nakuru kutafuta pampu. Akamwambia Bi. Elmina waifunge pamoja Alhamisi akirudi. Bi. Elmina alikubali kwa furaha. Alikuwa anaiogopa kadi ile. Aliiweka kwenye droo na kufunga kwa ufunguo.

Hakungoja hadi Alhamisi. Jumanne asubuhi Alfayo, aliyekuwa mwendeshaji wa draya namba mbili, alikuja kulalamika kwamba chai yake inanuka moshi tangu Jumamosi, na yeye hajagusa kitu. Bi. Elmina aliangalia namba za siku tatu. Draya zote nne zilikuwa zimepanda joto kidogo kidogo, zote pamoja, digrii saba hadi nane. Akaja kwangu kwenye boila. Mimi nilikuwa mchocheaji mkuu wa zamu, nina miaka thelathini na mmoja, najiona najua kila kitu cha moto.

"Kimeli, mmeongeza presha?"

"Hapana, Mama. Imeshuka. Tunachochea tangu asubuhi, geji inakaa tu tisini na tano."

"Imeshuka," alisema.

"Ona mwenyewe. Hizi kuni ni mbichi."

Akaiangalia geji kwa muda mrefu. Kisha akarudi chumbani kwake, na baada ya kama dakika tano akaniita nimshikie tochi. Nilipoingia nilikuta ametoa kadi kwenye droo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hata kabla hajaanza.

Nilikuwa sijawahi kuona kompyuta ikifunguliwa. Alizima, akachomoa waya, akashika chuma cha kasha kwa kiganja ili umeme wa mwilini utoke, akaniambia na mimi nishike. Akafungua skrubu nne kwa bisibisi. Akatoa kibati kidogo nyuma ya kasha ili kadi ipate dirisha lake. Halafu akailenga kadi kwenye mwanya wake juu ya bodi kuu na kuisukuma kwa vidole gumba viwili. Haikuingia. Akasukuma zaidi. Bodi ilipinda na kutoa mlio kama biskuti inayotaka kuvunjika, na Bi. Elmina akafumba macho huku bado anasukuma. Kadi ikaingia.

Alipowasha, kompyuta ilipiga milio mitatu na skrini ikabaki nyeusi.

"Nimeiua," alisema.

Alizima. Akatoa kadi, akasugua meno ya dhahabu yaliyo ukingoni mwa kadi kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Safari hii kompyuta iliamka, ikaandika mistari miwili, ikaganda. Alikaa akifikiri, midomo ikitembea. Kisha akanieleza, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba kadi mpya na kadi ya faksi ya meneja, iliyokuwa ndani ya kasha hilo hilo, zinadai namba moja, na kila moja inaitikia mwenzake akiitwa. Akatoa kadi ya faksi, akaiweka mezani. Mara ya tatu kompyuta iliwaka ikafika mwisho.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi mchana. Nje wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti ya mikaratusi. Kwenye skrini ilitokea namba moja kubwa, na nyuma yake mstari unaochorwa kwa haraka kama mwandiko wa daktari. Namba ilikuwa 152. Ikawa 153.

Nilicheka. Nataka isomeke hapa kwamba nilicheka.

"Mama, hiyo kitu ni mpya, haijui kusoma. Geji iko tisini na tano."

Yeye hakucheka. Wakati huo mlango ulifunguliwa, Bwana Ogola akaingia akitafuta faksi yake.

"Elmina, kwa nini faksi imekufa? Nina watu wa mnada wanangoja jibu."

"Nimeitoa, Bwana Meneja. Tafadhali angalia hii."

Aliangalia, nikamweleza juu ya geji. Akatikisa kichwa. "Jana radi ilipiga hapa mara ngapi? Hiyo kadi imeungua. Au umeiumiza ukiiweka. Rudisha faksi yangu."

"Draya zote zimepanda joto tangu Jumamosi," Bi. Elmina alisema. "Geji imeshuka tangu Jumamosi. Haiwezekani, Bwana Meneja. Mvuke ukishuka, draya zinapoa. Draya zinakubaliana na kadi. Geji iko peke yake."

"Na valvu ya usalama? Ingekuwa imepita mia na hamsini, si valvu ingelia? Unasikia kitu?"

Sote tukasikiliza. Palikuwa na mngurumo wa mashine na radi ya mbali. Valvu ilikuwa kimya.

"Unaona," alisema Bwana Ogola.

"Au na yenyewe imekufa," alisema Bi. Elmina.

Namba ilikuwa 155.

Bwana Ogola alikasirika, na simlaumu. Kulikuwa na majani ya wakulima yaliyojaa vitanda vyote vya kunyaushia, na ukisimamisha kiwanda siku kama hiyo yanaoza. "Sasa nisimamishe kazi ya watu wote juu ya televisheni? Wewe kila kitu ni zima, zima. Unaogopa hata birika."

"Ndiyo," alisema. "Naogopa. Kimeli, nenda ugonge geji."

Kila mchocheaji anajua jambo hili. Geji iliyo hai, ukigonga kioo chake kwa kidole, mshale hutikisika kidogo na kurudi. Nilitoka nikaenda kwenye boila. Niligonga kwa kidole, mshale haukutikisika. Niligonga kwa spana. Haukutikisika. Ulikuwa umelala pale kwenye tisini na tano kama msumari uliopigiliwa. Nami tangu asubuhi nilikuwa nikiutii, nikitupa kuni, nikiwahimiza wenzangu watupe kuni.

Nilishika ukuta. Boila ilikuwa futi tatu kutoka usoni kwangu, nikahisi joto lake kama pumzi ya mnyama aliyeamka. Niliwatazama wenzangu wawili, nikatazama rundo la kuni tulilomaliza, nikafahamu kwamba mimi ndiye niliyemlisha.

Sikumbuki nilimwambia nini Bwana Ogola niliporudi. Nadhani sura yangu ilitosha. Bi. Elmina hakungoja neno lake. Alinyoosha mkono akavuta kamba ya king'ora cha moto. Watu arobaini na mmoja wa zamu hiyo walianza kutoka kwenda uwanja wa mpira, wengine wakicheka wakidhani ni mazoezi, na mvua ya mawe ikaanza kuwapiga hapo hapo.

Niliwatoa wenzangu wawili. Nikazima feni ya moto, nikafunga mlango wa hewa ili kuni zikose pumzi. Lakini moto wa kuni hauzimiki kwa swichi, na tanuru lilikuwa limejaa makaa. Njia iliyobaki ilikuwa kutoa mvuke nje kwa mkono, kwa valvu ndogo ya pembeni. Mhandisi Gekara alikuwa ametufundisha hatari yake. Ukiifungua kwa kasi presha inaanguka ghafla, maji ya ndani yanaruka yote kwa pamoja, na unapata kile kile ulichokuwa unakikimbia. Inafunguliwa kidogo kidogo, ukiangalia geji. Nami sikuwa na geji.

Kati ya boila na chumba cha vipimo kuna dirisha dogo lenye kioo. Bi. Elmina alikivunja kwa kiti.

"Nitakusomea," alisema kupitia shimo.

"Mama, toka. Nenda uwanjani."

"Nikitoka wewe utajuaje? Anza."

Nilivaa glavu nikashika gurudumu la valvu. Nililizungusha robo. Mvuke ulitoka kwenye bomba la nje kwa sauti iliyonifanya nitake kulia.

"Mia sitini na tatu," akasoma. "Mia sitini na tatu. Mia sitini na nne. Ongeza kidogo."

Niliongeza.

"Mia sitini na nne. Imesimama. Ngoja. Ngoja hapo hapo, Kimeli. Mia sitini na tatu."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka vibaya. Kila namba ilitoka imekatika katikati. Lakini hakuruka hata moja, na hakuharakisha. Namba iliposhuka haraka alisema "punguza", na iliposimama alisema "ongeza", nami nilifanya kama nilivyoambiwa, sifikirii chochote, ila namsikiliza. Bwana Ogola alikuwa bado kwenye mlango wa chumba cha vipimo. Nilimwona kupitia shimo la dirisha, amesimama anaangalia skrini, mkono mdomoni.

Tulikuwa tumefika mia hamsini na nane wakati radi ilipopiga nguzo ya umeme pale barabarani. Taa zilizimika. Feni za draya zilianza kupungua sauti moja baada ya nyingine, na kila mtu anayejua kiwanda anajua maana yake. Draya zikisimama, haziuli mvuke tena. Mvuke wote unabaki ndani ya boila.

Na skrini ilikuwa imezimika.

"Mama?"

"Sina kitu," alisema. "Kimeli, sina kitu. Usiguse. Shika hapo hapo."

Jenereta yetu ilikuwa kwenye kibanda cha ng'ambo ya uwanja, na mwendeshaji wake alikuwa ametoka na wengine kwa king'ora. Hapo Bwana Ogola alikimbia. Alikuwa mtu mnene, amevaa tai na viatu vya ngozi, akakimbia kwenye mawe ya barafu yaliyofunika nyasi, akaanguka mara moja, akainuka. Watu waliokuwa uwanjani walimwona. Jenereta ile huwashwa kwa mkono. Hatukuwahi kumwona akishika hata reki ya kuni.

Mimi nilikuwa gizani na gurudumu mkononi. Nilianza kusikia boila. Sijui kama kweli ilikuwa inatoa sauti ile au ni masikio yangu, lakini nilisikia chuma kikijinyoosha, tik, tik, kama mtu anayevunja vidole. Nilifikiria kukimbia. Niliachia gurudumu kwa mkono mmoja. Bi. Elmina aliona kupitia shimo la dirisha, au alihisi.

"Kimeli, bado niko hapa," alisema. "Unanisikia? Niko hapa."

Nilirudisha mkono.

Umeme wa jenereta ulirudi baada ya dakika tatu. Feni zilianza kuzunguka. Nikasikia kompyuta ikianza kuamka, ile kompyuta iliyokataa mara mbili mchana ule. Nilingoja milio mitatu. Nasema kweli, nilimwomba Mungu kwa ajili ya kadi, kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili. Ilipiga mlio mmoja. Halafu kimya kirefu cha mashine inayohesabu kumbukumbu zake.

"Mia sabini na moja," alisema Bi. Elmina, akilia. "Ongeza kidogo. Mia sabini na moja. Mia sabini. Punguza."

Ilichukua dakika arobaini na mbili kufika mia moja. Alisoma kila namba. Tulipofika themanini sauti yake ilikuwa imekwisha, akawa ananionyesha kwa vidole kupitia dirisha. Makaa yalipokufa nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya saruji, nikatapika. Yeye alibaki ndani. Bwana Ogola alimkuta amekaa sakafuni chini ya meza, viatu vya mpira miguuni, amekumbatia magoti, hawezi kusimama. Akakaa naye pale chini, suruali imejaa matope. Sikusikia walichosema.

Mhandisi Gekara alirudi kesho yake mapema. Alifungua bomba la geji akatoa ukoko wa chokaa mgumu kama ule wa chini ya sufuria ya uji, umeliziba kabisa. Valvu ya usalama ilikuwa imeshikwa na kutu, ilihitaji nyundo kufunguka. Aliviweka vyote viwili juu ya meza ya kuonjea chai na kutuita watu wote tuje tuvione. Bwana Ogola alisimama mbele yetu, akasema kwamba jana alikosea, na kwamba Bi. Elmina alikuwa sahihi tangu neno la kwanza. Alisema hivyo bila mzaha hata kidogo. Bi. Elmina aliangalia viatu vyake, kisha akauliza kama sasa anaweza kumrudishia faksi yake.

Siku ile tulipoteza majani mengi. Hakuna aliyeyaulizia.

Baada ya hapo, kwa kusisitiza kwake na kwa barua zake nyingi zisizokwisha, boila ya Kapleelbei ilipata geji mbili, na valvu ya usalama hujaribiwa kila mwezi mbele ya mashahidi wawili. Viwanda vingine vitatu vya huku, kutoka upande wa Kabianga hadi karibu na Bomet, vilituma watu wao kuja kuona jinsi kadi ile ilivyofungwa. Aliwafundisha wote, na wote aliwaambia wazime kwanza. Amemfundisha pia Fancy Chelangat, anayechukua nafasi yake, kufungua kasha, kuingiza kadi na kusikiliza milio. Fancy ana mikono isiyotetemeka. Bi. Elmina anasema hilo linamtia wasiwasi kidogo.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hakutoka nilipomwambia atoke. Nilitegemea jibu la ushujaa. Aliniambia kwamba alitaka kutoka kila sekunde ya zile dakika arobaini na mbili, kwamba miguu yake ilikuwa imeshaelekea mlangoni, na kwamba kilichomzuia ni kumkumbuka Adoyo. Aliniambia habari zake siku hiyo kwa mara ya kwanza. "Sikutaka kukaa tena upande wa pili wa ukuta nikimsikiliza mtu," alisema. Kisha akabadilisha mazungumzo.

Anarudi Nyansiongo kwa mumewe, Mwalimu Okemwa, aliyestaafu miaka minne iliyopita na ambaye, tunavyosikia, ameshaharibu redio mbili akijaribu kuzitengeneza. Bi. Elmina ana ng'ombe watatu, wajukuu sita, na shamba la chai ambalo majani yake tunatumaini atayaleta kwetu.

Jumatano tarehe moja Desemba boila itawashwa saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Nitakuwa pale, nami sasa ndiye msimamizi wake. Kioo cha dirisha lile dogo hakikurudishwa hadi leo. Sisi wawili tuliomba kiachwe hivyo. Fancy atanisomea namba ya kwanza, nitaiandika, na kwa mara ya kwanza nitahitaji kujizuia nisiulize tena nikitumaini kusikia sauti ya Bi. Elmina. Ninaogopa kidogo. Nadhani Bi. Elmina atafurahi kusikia hivyo.

Mama Elmina, kwa niaba ya watu arobaini na mmoja wa zamu ya Aprili 22, ambao wengine wao wamezaa, wamejenga, wamezeeka tangu siku hiyo, na kwa niaba ya wote waliokuja baadaye wasijue walikuja mahali pa namna gani: asante. Nenda salama nyumbani kwako. Radi na zipige mbali nawe, usingizi wako uwe mzito, na asikuamshe mtu yeyote kukuuliza namba.

Joel Kimeli arap Soi
Msimamizi wa Boila, Kapleelbei